Je, Wajua? Vita Vilivyorudi Nyumbani na Askari

Je, wajua Vita vya Pili vya Dunia vilichukua karibu Wakenya 100,000, na kwamba Wakamba walikuwa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi zaidi katika jeshi la KAR (King's African Rifles)? Makueni, huko Ukambani, wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Vijana wa Ukambani walifika Bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, wakapigana kwenye matope na malaria.

Na waliorudi wakiweweseka usiku? Je, wajua daktari J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938 bila kusomea magonjwa ya akili? Mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, aliufananisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu wa fikra hizo angemsikilizaje askari wa Kitui? Inaniuma hadi leo.

Je, wajua huko Marekani kamera iliwasikiliza askari kama hao, kisha ikanyamazishwa? Mwaka 1946 mwongozaji John Huston alitengeneza filamu ya Let There Be Light ndani ya hospitali ya jeshi huko Long Island. Askari mmoja hatembei ingawa miguu yake haina jeraha. Mwingine kasahau jina lake. Weusi na weupe wamo wodi moja. Jeshi liliifungia filamu hiyo hadi Desemba 1980, mwaka uleule ambao madaktari wa akili wa Marekani waliorodhesha rasmi kiwewe cha baada ya mkasa kuwa ugonjwa.

Je, wajua filamu ya Wrong Elements (2016) inawafuata waliotekwa utotoni na waasi wa LRA wa Uganda, wakirudi porini walikopigana? Wanacheka, kisha ghafla hawawezi kusema.

Je, wajua askari Mwafrika wa Burma mwenye filamu yake, The Burma Boy, ni Isaac Fadoyebo wa Nigeria?

Na je, wajua Makueni ndiko taasisi ya utafiti ya Profesa David Ndetei ilikowafunza waganga wa kienyeji, viongozi wa dini, wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini kutambua magonjwa ya akili? Watu wa kusikiliza wapo. Watoto wa askari wale ni wazee sasa: mwenye kamera aende Mbooni na Mwingi mwaka huu, awaulize baba zao walikuwa wakilalaje.