Suali la Erasto Mpemba

Apitaye Forodhani, Mji Mkongwe, magharibi inapoingia, akawaona wauza juisi ya miwa wakivunja barafu, aghalabu haulizi maji hayo yaliganda vipi, kwani huliona jambo hilo kuwa limekwisha kujulikana tangu zamani. Ilhali ndani yake mna fumbo ambalo mwanafunzi wa nchi yetu, Erasto Mpemba, asiyekuwa mtu wa kisiwa cha Pemba bali wa bara, aliwashughulisha nalo wataalamu wa fizikia wa dunia nzima.

Mwaka 1963, katika skuli ya sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha yaliyotiwa sukari, ambayo desturi yake ni kuachwa yapoe kwanza. Naye Mpemba, kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, akayatia yake yangali moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa, na baadaye, katika skuli ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamfanyia istihzai kwa kusema kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya walimwengu.

Dakta Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipozuru Mkwawa, kijana alimwuliza kwa nini maji ya moto huganda kabla ya yaliyo baridi, wenziwe wakacheka. Lakini mgeni yule hakucheka, bali aliporejea aliamuru lijaribiwe katika maabara, na matokeo yakamuunga mkono Mpemba, hata mwaka 1969 wakaandika makala pamoja katika jarida la Uingereza.

Sababu zilizotajwa ni nyingi: maji moto hupungua kwa mvuke, hutokwa na hewa iliyomo ndani yake, na huzunguka chomboni kwa namna nyingine. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima wasione ushahidi wa kutosha kuwa jambo hilo hutokea; mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, wakaonyesha kwa chembe ndogo mno ndani ya maji kuwa chenye joto zaidi chaweza, kwa masharti maalumu, kutangulia kupoa.

Basi fadhila ya Mpemba haitegemei hukumu ya mwisho ya mjadala huo, bali imo katika kudai kwake kwamba hoja ipimwe kwa tajiriba, si kwa cheo cha msemaji. Enyi walimu wa Unguja, mwanafunzi wa Lumumba au Haile Selassie akikuleteeni suali lisilopatana na kitabu, msimkebehi. Mpeni maji, chombo na kipimajoto, mkalitafute jibu pamoja naye.