Presha Haichagui Mwenye Jembe

Huko Mikinduri, kwenye miteremko ya vilima vya Nyambene katika Kaunti ya Meru, habari kwamba mkulima fulani ana presha bado huwashangaza watu. Mshangao huo una sababu. Mtu anayeamka alfajiri, akapanda na kushuka mlima na jembe begani, akala githeri na ndizi za shambani mwake, anaonekana kuwa mbali kabisa na maradhi ya wenye vitambi na viti vya ofisi. Na kweli kuna wakati imani hiyo ilikuwa na ushahidi. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya miaka yake miwili katika hospitali ya wenyeji kusini mwa Kavirondo, sehemu ya Nyanza ya leo. Kati ya wagonjwa wapatao 1,800, hakupata hata mmoja mwenye presha ya juu. Zaidi ya hayo, aligundua kwamba presha ya wenyeji haikupanda na umri kama ya Wazungu.

Kwa hiyo anayesema wazee wetu hawakuugua presha hasemi uongo. Anakosea anapodhani kwamba kinga hiyo ilikuwa katika damu yetu. Mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti uliowafuata Waluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Muda mfupi tu baada ya kuhama, presha ya wahamiaji ilikuwa imeipita ya waliobaki. Uzito wao ulikuwa umeongezeka, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Watu walikuwa wale wale, ukoo ule ule, ila chakula na maisha vimebadilika. Siku hizi hata safari ya Nairobi haihitajiki. Duka la kijijini linauza chumvi ya pakiti, unga wa kukolezea mchuzi, mafuta ya kupikia na mkate, na pikipiki inampeleka mtu mahali ambapo baba yake alikwenda kwa miguu. Jembe linasaidia, sana tu, lakini halifuti chumvi inayonyunyiziwa chakula kikiwa tayari kwenye sahani, wala pombe, wala umri, wala presha iliyo katika ukoo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha ile iliyojificha ndani ya mkate na viungo vya dukani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Mkenya mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 18 hadi 69, alikuwa na presha ya juu. Lakini idadi inayotisha ni nyingine. Ukichukua watu 100 wenye presha katika utafiti huo, takriban 16 tu ndio waliojua. Kati ya hao 16, wanne hivi walikuwa wanatumia dawa, na kati ya hao wanne, presha ilikuwa imedhibitiwa kwa wawili. Wawili kati ya mia! Sababu kubwa ni kwamba wengi wetu tunaungoja mwili utuambie, na kwa ugonjwa huu mwili hausemi. Watu hutaja kichwa kuuma, kizunguzungu, moyo kudunda. Mara nyingi hayo yana sababu nyingine, na mwenye presha ya 180 kwa 110 anaweza kuchuma chai kutwa nzima bila kuhisi lolote. Wakati huo huo mishipa inakakamaa, ukuta wa moyo unanenepa, figo zinaharibika taratibu. Dalili ya kwanza inaweza kuwa mdomo uliopinda na mkono uliokufa ganzi: kiharusi.

Ndiyo maana shahidi pekee ni mashine, nayo inataka utaratibu. Aliyepanda mlima hadi zahanati akapimwa akingali anahema atapewa namba isiyo yake. Inafaa akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono umewekwa usawa wa moyo, bila kuzungumza, na awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojikaza, ya chini ni pale unapolegea. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, hiyo ni presha. Hapa lazima miraa itajwe. Kwa familia nyingi za Tigania na Igembe, huku huku Meru, miraa ndiyo karo na nyumba, na sina nia ya kuwaharibia soko. Kuilima ni jambo moja, kuitafuna ni jingine. Kemikali yake iitwayo kathinoni hupandisha mapigo ya moyo na presha kwa saa kadhaa, na usingizi unaopotea huongeza madhara. Anayetafuna amwambie daktari waziwazi, na mwenye presha aiache.

Kati ya hoja za wanaokataa tiba, ninayoiheshimu zaidi ni ya dawa: ukianza vidonge, umefungwa navyo maisha yako yote. Kwa wengi ni kweli watavihitaji daima, lakini anayefungwa ni nani? Mwaka 1967, hospitali za wanajeshi wastaafu nchini Marekani zilitoa matokeo ya wanaume 143 wenye presha kali. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na dawa. Katika kundi lisilotibiwa, 27 walipatwa na madhara makubwa. Katika lililotibiwa, wawili. Nasi hatutegemei utafiti wa Marekani peke yake: mwaka 2019 utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Waafrika kuunganisha dawa mbili, mojawapo ikiwa amlodipini, hushusha presha vizuri. Kweli amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na enalapril, dawa nyingine ya presha, huweza kuleta kikohozi kikavu. Basi rudi ubadilishiwe dawa, usiache kimya kimya. Presha iliyoshuka kwa sababu ya kidonge haijapona. Inashikiliwa na kidonge. Kitunguu saumu na mboga ni chakula kizuri, na ndizi na maharagwe vina potasiamu inayosaidia (mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza), ila hakuna mzizi unaotosha kuchukua nafasi ya dawa.

Wapo watakaosema dawa hukosekana hospitalini na nauli ni pesa. Hilo si kisingizio, ni dhuluma, na serikali ya kaunti inapaswa kuulizwa kila dawa zinapoisha. Lakini kupima hakungoji ghala lijae. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini wamegawiwa mikoba yenye vifaa, mashine ya presha ikiwemo. Wa kijiji chako akibisha hodi, kaa, tulia, nyoosha mkono. Asipokuja, mtafute wewe, na ukiwa umetimiza miaka 18 usijione kijana mno.