Mwanao anakwenda Kigali na shule? Jaza fomu ya afya kwa ukweli

Fomu ya safari ya shule huwa na sehemu ambayo wazazi wengi huipita haraka: hali ya afya ya mwanafunzi. Wapo wanaoandika neno moja tu, "mzima", na wapo wanaoiacha wazi. Athari ya nafasi hiyo tupu huonekana mtoto akiwa mbali, katika mji asioujua, chini ya mwalimu asiyejua anaumwa nini.

Hivi karibuni niliambatana na wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule moja ya Kanda ya Ziwa waliokwenda Kigali, Rwanda, kwa basi kupitia mpaka wa Rusumo. Walikuwa na siku moja ya kuuzunguka mji: asubuhi Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyopo Gisozi, mchana soko la Kimironko, alasiri matembezi katikati ya mji. Wengi walikuwa hawajawahi kuvuka mpaka.

Kigali si mji mgeni kabisa kwa Mtanzania. Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za Rwanda tangu 2017, na pale Kimironko wanafunzi waliuliza bei za vitenge kwa Kiswahili wakajibiwa. Ugeni upo kwenye mambo madogo ambayo mtoto hajayazoea, na hayo ndiyo mzazi anapaswa kuyazungumza naye kabla ya safari.

Magari hutokea upande mwingine

Rwanda magari hupita kulia. Mtoto aliyefundishwa tangu chekechea kuangalia kulia kwanza ataendelea kufanya hivyo, huku gari la karibu likimjia kutoka kushoto. Walimu walilazimika kuwavusha kwa makundi, kila mmoja akisimama kwanza na kuangalia pande zote mbili. Pikipiki za abiria, ambazo huko huitwa moto, ni nyingi na zina kasi. Mwambie mwanao mapema kuwa hata akiachwa nyuma asipande, amsubiri mwalimu pale alipo.

Saa moja nyuma

Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Saa 2 usiku ya Tanzania, Kigali ni saa 1 usiku. Simu nyingi hujibadilisha zenyewe, saa ya mkononi haibadiliki, na hapo ndipo watoto huchanganyikiwa. Kwa anayetumia dawa kila siku kwa saa maalumu, kama za kifafa, kubalianeni kabla ya safari atafuata saa ipi.

Giza nalo huingia mapema kwa saa ya huko, karibu saa 12 jioni. Kwa mtoto wa Kanda ya Ziwa aliyezoea kuliona jua hadi karibu saa 1, ahadi ya "tukutane kwenye basi saa 12" ina maana ya kutembea gizani. Muulize mwalimu kundi litarudi kwenye basi saa ngapi.

Yale ya Gisozi

Gisozi wamezikwa zaidi ya watu 250,000 kati ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kuna sehemu ya watoto yenye picha zao na maelezo mafupi: umri, chakula alichokipenda, alivyouawa. Baadhi ya wanafunzi walitoka wakilia, wengine walikaa kimya hadi mchana, na mmoja alicheka kwa woga hadi wenzake wakamkasirikia. Zote ni namna za kawaida za mtoto kupokea jambo zito.

Mweleze mapema atakachokiona, na kwamba anaruhusiwa kutoka nje akizidiwa. Akirudi, msikilize bila kumhoji. Akiwa halali vizuri au anaota ndoto za kutisha kwa wiki kadhaa, mpeleke akazungumze na mtaalamu wa afya.

Maumivu yaliyodhaniwa uchovu

Kigali imejengwa juu ya vilima, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi huwa na baridi, na mwendo ni wa kupanda na kushuka. Alasiri, msichana mmoja aliketi kwenye ngazi akasema miguu inamuuma. Mwalimu alidhani ni uchovu, akamwambia apumzike kidogo waendelee. Walipoendelea, maumivu yakapanda hadi mgongoni.

Msichana huyo ana selimundu. Mama yake aliiacha wazi sehemu ya afya kwenye fomu kwa hofu kuwa shule ingemwacha. Binti naye alikuwa hajanywa maji tangu asubuhi, kwa kuona aibu kuomba basi lisimame ajisaidie. Baridi, kuchoka sana na upungufu wa maji mwilini vyote huweza kuamsha maumivu makali kwa mwenye selimundu. Karibu saa mbili zilipita kabla matroni hajampigia mama na kuambiwa ukweli. Hospitali ilimpa maji ya mshipa na dawa za maumivu, na usiku akaruhusiwa.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, hivyo si ajabu kuwa na mmoja au wawili ndani ya basi la shule. Hofu ya yule mama ina msingi, maana wapo watoto wanaoachwa. Lakini kwa kufahamu tu, mwalimu angemhimiza anywe maji, avae sweta na apumzike mara kwa mara, na huenda siku ingeisha salama. Shule nazo zina wajibu: mzazi akisema ukweli, mtoto asiadhibiwe kwa kunyimwa safari. Siri hiyo inatosha kujulikana kwa mwalimu kiongozi na matroni.

Kabla hajapanda basi

- Andika ugonjwa, dawa, kipimo na mzio kwenye karatasi moja, umkabidhi matroni mkononi.
- Dawa zikae kwenye begi dogo analotembea nalo, ndani ya pakiti zake za asili.
- Usimfungie chakula kwenye mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, na inaweza kuchukuliwa mpakani.
- Awe na karatasi mfukoni yenye namba za walimu na jina la hoteli. Simu huisha chaji. Namba ya gari la wagonjwa Rwanda ni 912, polisi ni 112.
- Uliza kama bima yake inafanya kazi nje ya nchi, na kama safari haiangukii Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo ni umuganda, kazi za jamii, na shughuli nyingi husimama.
- Mhimize anywe maji safi ya chupa na aombe kwenda chooni bila aibu. Binti awe na pedi za akiba.

Akirudi, akipata homa ndani ya wiki chache, mpime malaria mapema na umweleze daktari kuwa alisafiri.