Maelekezo ya Nakala Mama za Kompyuta Yatunzwe

Chama cha ushirika chenye kompyuta kadhaa za Linux hakilazimiki kuitayarisha kila moja kwa mkono. Hutengenezwa nakala mama moja, yaani mfumo mzima pamoja na programu ya hesabu na mipangilio ya mashine ya kuchapia stakabadhi, kisha hupakiwa katika kompyuta zote. Programu inayoitengeneza hufuata maelekezo yaliyoandikwa: toleo gani la mfumo, vifurushi gani, na vichukuliwe katika ghala gani la mtandaoni.

Yafaa ieleweke kwamba maelekezo hayo huchakaa hata yasipoguswa na mtu, kwa kuwa watayarishaji wa mifumo hubadili taratibu zao. Mabadiliko hayo ni ya namna tatu.

Kwanza, ghala huhamishwa. Huduma ya CentOS 8, iliyotarajiwa kudumu hadi 2029, ilikomeshwa tarehe 31 Desemba 2021. Ya CentOS 7 ilikoma tarehe 30 Juni 2024. Vifurushi vilipelekwa katika ghala la kumbukumbu. Kuandika anwani ya ghala hilo huwezesha kazi kuendelea, lakini hakuleti marekebisho mapya ya usalama.

Pili, majina hubadilika. Debian 11 ya mwaka 2021 ilibadili jina la ghala la usalama, na Debian 12 ya mwaka 2023 ikatenga fungu jipya la programu ndogo zinazoendesha vifaa. Kubadili namba ya toleo peke yake hakutoshi.

Tatu, mafaili huhama. Ubuntu 24.04 iliweka orodha ya ghala zake katika faili jipya. Maelekezo yanayosahihisha faili la zamani huenda yasitoe kosa lolote, wala yasibadili kitu. Hii ndiyo hatari iliyojificha.

Kompyuta ikiharibika katikati ya msimu wa ununuzi na nakala mama haitengenezeki, anayechelewa kulipwa ni mkulima. Kwa hiyo inapasa nakala mama itengenezwe upya kila mwezi, si siku ya dharura tu. Ijaribiwe kwanza katika kompyuta moja, mpaka stakabadhi ichapwe sawasawa. Libadilishwe jambo moja kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe pamoja na tarehe na sababu yake. Vifurushi vinavyotumika vihifadhiwe chamani. Mwisho, katibu aandike katika daftari la mali tarehe ya kukoma kwa huduma ya toleo linalotumika, ili kuhamia toleo jipya kufanyike kabla ya msimu kuanza.