“It Seems That”: Ni Nani Anayesema?

Katika seminari zetu kuu falsafa husomwa kwa Kiingereza. Wengi wetu tulijifunza kuhesabu, kusali na kubishana kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na Kiingereza kikaja baadaye pamoja na vitabu. Ndiyo maana mara nyingi tunaelewa maneno yote ya sentensi lakini hatujui uzito wake. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa kwa maneno mafupi ambayo waandishi wa Kiingereza huyatanguliza mbele ya hoja: “it seems that”, “it would seem that”, “it might be argued that”. Macho huyaruka haraka, kumbe ndiyo yanayotuonyesha hoja inayofuata ni ya nani na msemaji anaishikilia kwa nguvu kiasi gani.

Asiyeyapima maneno hayo anaweza kumbebesha mwandishi fundisho ambalo mwandishi alilitaja ili alipinge.

Mfano wa Mtakatifu Thomas

Mfano ulio karibu nasi ni Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefundisha Paris katika karne ya 13. Tukifungua “Summa Theologiae”, sehemu ya kwanza, swali la 2, ibara ya 3, tunakuta anauliza kama Mungu yupo. Jibu la kwanza tunalokutana nalo ni kwamba inaonekana hayupo! Zinafuata hoja mbili. Ya kwanza inasema kwamba kama wema usio na mwisho ungekuwepo, uovu usingepata nafasi, na uovu upo. Ya pili inasema kwamba mambo ya ulimwengu yanaweza kuelezwa kwa nguvu za asili na kwa akili na utashi wa mwanadamu, bila kumhitaji Mungu.

Mtu akikata kipande hicho na kukisambaza kwenye simu, waamini watashangaa kuambiwa kwamba mwalimu mkubwa wa Kanisa alikana kuwepo kwa Mungu. Ufunguo uko katika neno la Kilatini linalofungua hoja hizo: “videtur”. Neno hilo linatangaza kwamba kinachofuata ni pingamizi. Baada yake huja “sed contra”, yaani kinyume chake, na hapa Thomas anamtaja Mungu aliyejitambulisha kwa Musa katika kitabu cha Kutoka. Kisha huja “respondeo”, yaani najibu. Hapo ndipo Thomas anapozungumza kwa sauti yake, na katika ibara hii anatoa zile njia tano. Mwishoni anarudi kwenye kila pingamizi na kulijibu.

Tafsiri ya Kiingereza inayosomwa sana, ile ya Wadominikani wa Uingereza iliyoanza kutolewa mwaka 1911, huiweka “videtur” mahali pengine kuwa “it seems that” na pengine kuwa “it would seem that”. Msomaji asiyejua mpangilio wa ibara anaweza kudhani huo ndio msimamo wa Thomas.

Mpangilio huo ulitoka katika midahalo ya vyuo vikuu vya wakati ule. Swali lilitolewa, wapinzani wakaleta hoja zao, na mwishoni mwalimu akatoa uamuzi. Aliyeleta pingamizi hakuhitaji kuliamini. Kazi yake ilikuwa kulieleza vizuri ili ukweli upimwe.

Hata Mtume Paulo alitumia njia inayofanana na hiyo. Katika 1 Wakorintho 15:35 analeta “mtu” asiye na jina anayeuliza jinsi wafu watakavyofufuliwa. Hakuna anayedhani Paulo ana shaka juu ya ufufuko. Anampa nafasi mwenye shaka, kisha anamjibu.

Uzito wa maneno haya

Kwa nje maneno haya yanafanana, lakini hayana uzito mmoja. Tuyapime.

“It seems that”: katika insha za leo, mwandishi anaelekea kukubali anachosema, ila anakiri kwamba anaweza kusahihishwa. Katika Thomas ni alama ya pingamizi. Kitabu chenyewe ndicho kinachoamua.

“It would seem that”: mwandishi amerudi nyuma hatua moja. Mara nyingi tutegemee “lakini” baada ya sentensi chache.

“It might be argued that” au “it could be argued that”: hoja hii inawezekana, na mtu mwenye akili timamu angeweza kuitoa. Mwandishi hajasema kwamba ni yake.

“It has been argued that”: hapa yupo mtu aliyekwisha kuitoa. Msomaji ana haki ya kuuliza ni nani na wapi, na insha isiyomtaja ina deni.

“It can be shown that”: haya si maneno ya tahadhari kabisa, ingawa nayo yanaanza na “it”. Yanaahidi uthibitisho, na asiye nao asiyatumie.

Tukiyahamishia kwenye Kiswahili

Neno “videtur” linatokana na kitenzi cha kuona, kwa hiyo “inaonekana” yetu iko karibu nalo sana. Lakini tuwe waangalifu. Tukiona mawingu meusi tunasema, “Inaonekana mvua itanyesha.” Tuna ushahidi, na tunaanua nguo. Katika mazungumzo ya kila siku “inaonekana” huelekea kukubali. Kwa hiyo pingamizi la Thomas hueleweka vizuri zaidi tukisema, “Mtu angeweza kudhani kwamba...”

Kosa kubwa zaidi ni kutafsiri “it might be said that” kwa “inasemekana”. Kiingereza hapo kinasema kwamba jambo linaweza kusemwa. Kiswahili kinasema kwamba limekwisha kusemwa, tena na watu wasiojulikana. “Inasemekana” yetu ina harufu ya uvumi. Tafsiri ya haki ni “inaweza kusemwa kwamba” au “mtu anaweza kusema kwamba”.

Tunapoandika wenyewe

Tuseme tumepewa swali la insha: je, mwanadamu ana utashi huru? Msimamo wetu ni kwamba anao. Tunaweza kuandika hivi:

“It might be argued that no one chooses freely, since all of us are shaped by our upbringing. This argument, however, confuses influence with compulsion.”

Sentensi ya kwanza inampa mpinzani nafasi: malezi yanatuumba, basi hatuchagui kwa uhuru. Ya pili inajibu kwamba kuathiriwa na malezi si sawa na kulazimishwa. Msomaji anajua wazi ipi ni hoja ya mpinzani na ipi ni yetu.

Sasa tuangalie insha inayoandika, “It might be argued that human beings have free will”, kisha ikaishia hapo. Msahihishaji atauliza, na wewe unasemaje? Maneno ya tahadhari yamewekwa juu ya msimamo wenyewe, na mwandishi amejificha nyuma yake. Vivyo hivyo kuyarundika, “it might perhaps seem possible that”, hakuongezi unyenyekevu. Kunaonyesha tu kwamba mwandishi hataki kukamatwa na neno lolote.

Unyenyekevu au maficho?

Jambo hili halimalizikii darasani. Sentensi isiyotaja msemaji inaweza kuwa unyenyekevu, na inaweza kuwa maficho. Katika mdahalo, aliyeleta pingamizi hukaa mpaka jibu litoke, na hoja yake husikilizwa kwa nguvu zake zote. Kumbe katika jumuiya zetu mtu anaweza kusema, “Inasemekana fedha za harambee hazikufika zote,” kisha akaondoka zake. Hakuna wa kuulizwa, lakini jina la mweka hazina limekwisha kuchafuka. Anayejua jambo na aseme anachokijua, mbele ya wanaohusika. Asiyejua na aulize.

Basi tunaposoma, tujiulize mambo matatu: hoja hii ni ya nani, mwandishi ameishikilia kwa kiasi gani, na ameijibu wapi? Tunapoandika, tumpe mpinzani hoja yake ikiwa imara, si ile dhaifu iliyo rahisi kuangusha. Baada ya kumjibu, tuseme waziwazi tunachokiamini na sababu zetu. Watu tutakaowahudumia kesho watatuuliza maswali yale yale mawili ambayo Thomas aliyaweka mwanzoni mwa ibara yake, juu ya uovu na juu ya ulimwengu unaoonekana kujitosheleza. Tukizoea sasa kuyasikiliza mpaka mwisho, hatutayaogopa.