Televisheni ya Sebule Yenye Mwanga Mwingi: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa



Zamani zamu ya mwanachama ikifika, kikundi kilimnunulia masufuria, blanketi au tangi la maji. Siku hizi, kuanzia Othaya na Karatina mpaka Nanyuki, Kerugoya na Embu, wengi husema, "Mimi nataka TV." Si jambo baya. Televisheni huleta habari, mafundisho ya ukulima na masomo ya watoto. Lakini hizo ni pesa za watu wengi, zimewekwa kidogo kidogo kila wiki, na zikishaingia dukani hazirudi kwa urahisi.

Malalamiko yanayosikika sana baada ya kununua ni haya: "Usiku inaonyesha vizuri kabisa. Mchana hatuoni kitu, ni dirisha na nyuso zetu tu." Mara nyingi televisheni hiyo haina ubovu wowote, ila haikuchaguliwa kulingana na nyumba. Tuone jinsi ya kuepuka hasara hiyo.

KWA NINI PICHA HUPOTEA MCHANA

Kila mtu amewahi kutoa simu katikati ya shamba saa sita mchana akashindwa kusoma ujumbe, na jioni simu hiyo hiyo ikamwumiza macho. Simu haikubadilika, mwanga wa nje ndio uliishinda nguvu. Televisheni ni hivyo hivyo. Mwanga wa chumba ukiangukia kioo, sehemu za picha zinazotakiwa kuwa nyeusi hugeuka kijivu, na picha yote hufifia.

Kuna mambo mawili hapa. La kwanza ni nguvu ya mwanga wa televisheni yenyewe. Nguvu hiyo hupimwa kwa niti. Televisheni nyingi za bei ya chini hutoa kama niti 200 hadi 300, na hizo zinatosha chumba chenye giza au usiku. Kwa chumba chenye mwanga mwingi, afadhali ipite niti 400. La pili ni kioo. Kioo laini cha kung'aa huonyesha dirisha waziwazi kama kioo cha kujitazamia. Kile kisichong'aa sana hutawanya mwanga, kwa hivyo huoni umbo la dirisha, bali ukungu mwepesi tu.

JUA LETU NA MADIRISHA YETU

Sisi tunaishi karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unapita Nanyuki, na mji wa Nyeri uko kusini yake kidogo tu. Kwa hivyo saa sita mchana jua liko juu ya mabati, haliingii sana dirishani. Linaingia asubuhi kwa dirisha la mashariki, na kuanzia kama saa tisa mchana kwa dirisha la magharibi. Mwezi wa Desemba jua huegemea kusini, na mwezi wa Juni huegemea kaskazini.

Basi jiulize: nyumba hii hutazama televisheni saa ngapi? Kama ni ibada ya Jumapili asubuhi, dirisha la mashariki ndilo la kuangaliwa. Kama ni watoto wakitoka shule, au vijana na mpira wa Jumamosi alasiri, angalia dirisha la magharibi. Kama ni habari za saa moja usiku peke yake, mwanga wa mchana usikusumbue na usiulipie. Tena usipime chumba mwezi wa Julai wakati wa mawingu na baridi ukadhani umemaliza. Januari na Februari, anga ikiwa safi, chumba hicho hicho kitang'aa kuliko ulivyofikiri.

JARIBIO LISILO NA GHARAMA

Kabla ya kwenda dukani fanya hivi. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, au simu iliyozimwa yenye kioo cheusi. Kishike ukutani pale unapotaka kuweka TV. Mtu mwingine akae kwa kiti, halafu ahamie kiti kingine, mpaka viishe vyote. Yeyote anayeona dirisha au mlango ndani ya kile kioo, ataliona pia ndani ya televisheni. Hamisha kioo ukuta mwingine mpaka dirisha lisionekane. Mara nyingi ukuta wenye dirisha pembeni yake ndio mzuri. Ukuta unaotazamana na dirisha ndio mbaya.

Kama kabati la ukutani haliwezi kuhama, nunua pazia nzito la dirisha hilo moja. Pazia ni rahisi kuliko kuongeza maelfu kwa TV yenye nguvu zaidi. Pia jua lisipige kioo cha TV moja kwa moja, maana joto hilo hukiharibu.

MAMBO YA KUFANYA DUKANI

1. Usidanganywe na giza la duka. Duka nyingi zina mwanga hafifu ndani, na TV zimewekwa kwenye mipangilio ya kuvutia wateja, rangi kali na mwanga wa mwisho. Omba muuzaji akuwekee mpangilio wa nyumbani, na kama inawezekana ageuze TV itazame mlangoni. Hapo utajua ukweli.

2. Omba picha yenye giza. Picha ya maua na samaki wa rangi hupendeza kwa kila TV. Omba sinema ya usiku au mtu mwenye koti jeusi. Ukiona mikunjo ya koti mchana huo, hiyo ni nzuri.

3. Simama pembeni. Sebule zetu viti huzunguka ukuta, na mgeni huketi pembeni kabisa. TV nyingine rangi hufifia ukisogea hatua tatu kushoto. Ikifanya hivyo dukani, itafanya hivyo nyumbani.

4. Usinunue maneno ya katoni. 4K maana yake ni nukta nyingi za picha, si mwanga mwingi. HDR kwa katoni haithibitishi kwamba kioo kina nguvu ya kutosha. QLED huongeza ubora wa rangi, lakini ziko zenye mwanga mkali na ziko hafifu. OLED ina weusi mzuri sana usiku, lakini bei yake si ya kati, na kwa sebule yenye jua si lazima.

5. Usikimbilie ukubwa. Tuseme mwanachama ametengewa shilingi 40,000. Pesa hizo hizo zaweza kununua TV kubwa yenye mwanga hafifu, au ndogo kidogo yenye mwanga mzuri. Kwa sebule ya jua, chukua hiyo ya pili. Inchi 43 inafaa mtu akikaa kama futi 6 hadi 9. Inchi 55 inataka kama futi 7 hadi 11.

6. Hakikisha ina king'amuzi ndani, cha aina ya DVB-T2. Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015, na TV isiyo na king'amuzi hicho itakuongezea gharama ya kununua kingine. Angalia pia alama ya ubora ya KEBS, na udai risiti na warantii iliyopigwa muhuri.

USISAHAU TOKENI

Mwanga mkali hula umeme. TV ya wati 80 ikiwaka saa tano kila siku hutumia uniti 12 kwa mwezi. Ya wati 120 hutumia uniti 18. Katika bei za umeme zilizoanza Aprili 2023, daraja la chini kabisa la matumizi ya nyumbani liliwekwa kuwa la wasiozidi uniti 30 kwa mwezi. Mama mwenye taa chache, simu na redio anaweza kusukumwa na TV peke yake mpaka avuke daraja hilo, na kila uniti ikawa ghali zaidi. Kwa hivyo mchana ongeza mwanga wa TV, usiku upunguze kwa rimoti. Macho yatapumzika na tokeni zitadumu.

Nunueni pia ile tivi gadi ya kuzuia umeme unaopanda na kushuka. Na vile vitambaa vya kufuma, akina mama, viwe chini ya TV au kwa viti. Visifunike matundu ya nyuma ikiwa inawaka, maana joto likikosa njia TV huharibika mapema.

JE, KIKUNDI KINUNUE AINA MOJA KWA WOTE?

Kununua kumi kwa pamoja huleta punguzo, na hilo ni jambo zuri. Lakini nyumba kumi hazifanani. Mmoja ana nyumba ya mawe yenye madirisha makubwa yanayotazama magharibi, mwingine ana chumba cha mbao chenye dirisha moja. Mkiwanunulia sawasawa, mmoja atalipia mwanga asiouhitaji, na mwenzake atakaa akitazama dirisha lake ndani ya kioo. Afadhali kamati itembelee nyumba moja moja na kile kioo kidogo, iwagawe wanachama mafungu mawili, wa mwanga mwingi na wa mwanga kidogo, kisha ijadiliane bei ya mafungu yote mawili na duka moja. Punguzo mtalipata, na kila mtu atapata kinachomfaa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Nyumbani kwako TV itatazamwa zaidi saa ngapi, na saa hiyo jua liko dirisha gani?
2. Je, kuhamisha kabati au kununua pazia kunaweza kutosha?
3. Ni nani katika kikundi watakaokwenda dukani pamoja, na watauliza nini kabla ya kulipa?
4. Kwa mwezi tunatumia uniti ngapi sasa, na TV itaongeza ngapi?