Dikteta: cheo cha miezi sita kilichokosa mwisho

Mwezi uliopita tulipokea meseji ya msikilizaji wa kipindi chetu cha asubuhi. Alieleza kwamba pampu ya maji ya kijiji chao iliharibika wakati wa kiangazi. Wanakijiji wakakubaliana mwenyekiti wa kamati ya maji akusanye michango mwenyewe na kununua vipuri bila kusubiri vikao, ili maji yatoke haraka. Maji yakatoka. Sasa ni mwaka wa nne, mwenyekiti bado anakusanya fedha mwenyewe, na anayeuliza risiti anaambiwa anapinga maendeleo. Msikilizaji akamalizia kwa swali: "Nikimwita dikteta nitakuwa nimekosea?"

Meseji ile hatukuisoma hewani, kwa sababu ilitaja jina la mtu ambaye hakuwepo kujieleza. Lakini swali lenyewe linastahili jibu, na jibu linaanzia mbali kidogo, katika mji wa Roma, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Dikteta wa kwanza alikuwa halali

Warumi walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 Kabla ya Kristo (KK), kama wanahistoria wao wanavyosimulia. Baada ya hapo hawakutaka tena nchi iwe mikononi mwa mtu mmoja. Kila mwaka walichagua viongozi wakuu wawili walioitwa makonsuli, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Pembeni yao lilikuwepo Baraza la Seneti, na wananchi walikuwa na mikutano yao ya kupiga kura.

Utaratibu huo ulikuwa mzuri wakati wa amani, lakini adui akiwa mlangoni, viongozi wawili wanaobishana ni hatari. Kwa hiyo sheria iliruhusu ateuliwe mtu mmoja wa kutoa amri kwa muda. Huyo ndiye aliyeitwa dikteta. Halikuwa tusi. Kilikuwa cheo cha heshima, na kilikuwa na masharti mawili: kazi maalumu, na muda usiozidi miezi 6.

Mfano ambao Warumi waliupenda zaidi ni wa mkulima aitwaye Cincinnatus. Inasimuliwa kwamba mwaka 458 KK wajumbe wa Seneti walimkuta shambani akilima. Wakamwambia jeshi limezingirwa na yeye ameteuliwa kuwa dikteta. Akaenda, akamshinda adui, na siku ya 16 akarudisha madaraka na kurudi shambani kwake. Alikuwa na haki ya kukaa miezi 6, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

Mwisho ulipoondolewa

Mwaka 82 KK jenerali Sulla aliingia Roma na jeshi lake, akapewa udikteta usio na ukomo wa muda. Majina ya wapinzani wake yalibandikwa hadharani, na aliyemuua mtu wa kwenye orodha alilipwa. Baadaye Sulla aliachia madaraka kwa hiari, lakini wengine walikuwa wameshaona kwamba jambo hilo linawezekana.

Aliyefuata ni Julius Caesar. Mwaka 49 KK alikuwa dikteta kwa siku 11 tu. Mwaka 46 KK akapewa udikteta wa miaka 10. Mapema mwaka 44 KK akaitwa dikteta wa maisha. Angalia hatua hizo: siku, miaka, maisha. Na kila hatua ilipitishwa rasmi, kwa kura na kwa shangwe.

Tarehe 15 Machi mwaka 44 KK kundi la wajumbe wa Seneti, wakiongozwa na Brutus na Cassius, walimuua kwa visu. Walidhani wameikomboa jamhuri. Kilichofuata kilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Cheo cha dikteta kilifutwa kwa sheria mwaka uleule, lakini mwaka 27 KK Roma yote ilikuwa chini ya mtu mmoja, Augustus. Huyu alikuwa mjanja. Alipopewa jina la dikteta alilikataa. Aliacha Seneti ikae na makonsuli wachaguliwe, huku jeshi likiwa mkononi mwake mpaka alipokufa.

Kwa maneno mengine, Warumi walifuta jina, lakini utawala wa mtu mmoja ukabaki.

Kwa nini Mwalimu alitafsiri kisa hiki?

Mwandishi wa Uingereza William Shakespeare aliandika tamthilia kuhusu kifo cha Caesar yapata mwaka 1599. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963 akiwa Rais wa Tanganyika. Kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Tamthilia hiyo haimpi msomaji upande rahisi wa kushika. Brutus ni mtu mwema anayemuua rafiki yake kwa kuhofia atakavyokuwa kesho. Umati unamshangilia Brutus, na muda mfupi baadaye unamgeukia, baada ya Antony kuhutubia. Halafu umati uleule unamuua mshairi aitwaye Cinna kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Dhuluma ya mtu mmoja inakwisha, inaanza dhuluma ya kundi.

Mwalimu mwenyewe hakuwa nje ya swali hili. Sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Kuanzia 1965 hadi 1992 sheria ilitambua utawala wa chama kimoja. Mwalimu aliwahi kukiri hadharani kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Lakini mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yaliweka ukomo wa Rais kuwa vipindi viwili vya miaka mitano, na mwaka 1985 akang'atuka.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda vingine. Idi Amin alichukua madaraka Uganda Januari 1971 akiahidi uchaguzi. Uchaguzi haukufanyika, na mwaka 1976 akatangazwa rais wa maisha. Kusini yetu, Kamuzu Banda wa Malawi alikuwa ameshapewa cheo kama hicho mwaka 1971. Wakazi wa Kagera hawahitaji kuhadithiwa Amin aliondokaje mwaka 1979, wala gharama yake.

Turudi kwenye pampu

Mwanafalsafa wa Ugiriki, Aristotle, alisema ukitaka kujua aina ya utawala uliza mambo mawili: wanatawala wangapi, na wanatawala kwa faida ya nani? Mmoja anayetawala kwa faida ya wote ni mfalme, na anayetawala kwa faida yake ni dhalimu. Roma inatuongezea swali la tatu: madaraka hayo yanakwisha lini?

Sasa, ndugu msikilizaji, jibu lako. Siku mliyompa mwenyekiti kazi ile hamkukosea, kwa kuwa watu walikuwa na kiu. Alikuwa kama dikteta wa zamani, aliyepewa kazi maalumu. Kosa ni kwamba hakuna aliyeandika kwenye muhtasari neno moja, "mwisho". Maji yalipotoka, kazi yake iliisha, lakini hakuna aliyesema. Kunyamaza kwenu kukawa ndiyo ruhusa yake.

Kumwita jina baya hakutaleta risiti, na kumvamia kwa kundi kunaweza kuwafikisha kwa Cinna. Iteni kikao cha watumia maji. Jambo likishindikana, lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hapa Tanzania unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Ulizeni kwa adabu: fedha zilizoingia ni kiasi gani, zimetumikaje, na jukumu hili linakwisha tarehe gani?

Akijibu na kurudisha daftari kwa mweka hazina, mpigieni makofi, maana pampu aliitengeneza kweli. Na safari nyingine mtakapompa mtu madaraka ya haraka, andikeni tarehe ya kuyarudisha kabla hajatoka kwenye kikao.